Mizani Niliyoidanganya

Kwenye kadi, Kapinga alikuwa anaongezeka. Mgongoni mwangu alikuwa anapungua. Mimi peke yangu nilijua mambo yote mawili, na nikachagua kuiamini kadi, ingawa ni mimi mwenyewe niliyeifundisha kusema uongo.

Ninaandika haya kwa sababu wanawake wa kambi yetu ya wachimba shaba wananiuliza. Wananisimamisha kwenye bomba la maji, wananisimamisha sokoni nikiwa na kopo la samaki mkononi: "Mama Mukendi, ulijua namna gani kama mutoto anafwa?" Jibu ni kwamba sikujua. Aliyejua ni mama mkwe wangu. Lakini sasa ninajua, na kitu nikishakijua sipendi kukaa nacho peke yangu, kitaoza kama samaki wa juzi.

Niseme kwanza mimi ni nani. Bwana yangu alitoka Kasai akiwa kijana kuja Kolwezi kuchimba shaba, nami nikamfuata kwa treni. Mtoto wetu wa kwanza ni Mukendi, ndiyo maana ninaitwa Mama Mukendi. Wa pili ni Kapinga. Ninauza samaki wakavu sokoni, kwa kopo. Kopo langu lina kitako kilichobonyea kidogo kuingia ndani, na anayedhani kilibonyea chenyewe hajawahi kuuza kitu. Kila kitu ninakihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya ukweli, mara ya pili kwa ajili ya mteja. Kuandika nilijifunzia kwenye darasa la masela, yaani watawa wetu, nikiwa nimejiandikisha kujifunza kushona. Kushona hakukunishika.

Miaka ile Wabelgiji walikuwa bado ndio wenye kila ufunguo, na kila mtoto mchanga wa kambi alipimwa uzito siku ya Alhamisi. Tulikaa kwenye benchi refu la saruji, watoto wakiwa uchi mapajani mwetu. Masela aliita jina, akamlaza mtoto kwenye sahani ya mizani, akasukuma kile kipande cha chuma mpaka fimbo ikatulia, akaandika kwenye kadi. Mtoto akiongezeka, mama anarudi nyumbani. Mtoto akipungua mara mbili mfululizo, mama anasemwa mbele ya wote, halafu anaandikwa kwenye orodha ya uji: kila asubuhi, mwezi mzima, aje na mtoto amlishe mbele ya macho ya masela mpaka bakuli liwe tupu.

Uji wenyewe ulikuwa mzuri, wa maziwa na sukari. Ubaya wake ulikuwa ni saa yake. Samaki huuzwa asubuhi. Jua likishapanda, wanaokuja sokoni ni inzi na watu wa kuuliza bei tu.

Sasa, watoto walipimwa uchi, isipokuwa kitu kimoja. Mtoto wa kike, kwetu, anavalishwa shanga kiunoni tangu akiwa mdogo kabisa. Masela mmoja wa zamani, kabla ya huyu wetu, aliwahi kuzikata kwa mkasi. Akina mama walibeba watoto wao wakaondoka wote pamoja, akabaki yeye na mizani yake. Tangu siku hiyo shanga hazikuguswa.

Mfanyabiashara akiona kitu kisichoguswa juu ya mizani, hapati usingizi.

Nilikwenda upande wa Mutoshi, kwa mzee mmoja mfua shaba, nikamwomba anitengenezee shanga ndogo kama harage.

"Ni ya mutoto?" akauliza.

"Ya mutoto, tata."

"Shaba iko nzito kwa mutoto."

"Njo vile ninaitafuta, kwa sababu ya uzito."

Aliniangalia, akaangalia samaki niliomletea, akawasha moto wake.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nane, mwisho wa baridi. Kapinga alikuwa na miezi sita, na ile baridi ilimtoa kikohozi na ikamtoa hamu ya kunyonya. Alipungua kidogo. Nilitunga shanga tatu za shaba katikati ya zile za kioo, nikazifunika vizuri kwa rangi nyekundu na nyeupe, na masela akaandika kwamba mtoto ameongezeka. Alhamisi iliyofuata nikaongeza mbili. Sikuwa mama mbaya, au sikujiona hivyo. Nilijiambia kwamba shaba inamshikia tu nafasi. Mtoto mwenyewe atakuja kuikalia. Kila wiki nilijiambia hivyo, na kila wiki nikaongeza nyingine.

Masela alinisifu. Alimwinua Kapinga mbele ya benchi zima akasema, kwa Kiswahili chake cha kukanyagia mayai, "Mama huyu anajua kazi. Bamama bengine, muangalie." Nikainamisha uso kwa unyenyekevu. Unyenyekevu ni kitu ninachokiuza vizuri kuliko samaki.

Mvua za kwanza zikaja. Wadudu wenye mabawa walitoka ardhini, watoto wote wa kambi wakakimbia na mabeseni kuwakusanya, Mukendi akala mpaka tumbo likamsumbua. Kapinga naye akaanza kuhara. Nikasema ni mvua. Kila mtoto anahara mvua zikianza.

Jumatatu nilihesabu vitambaa alivyochafua: tisa. Nikahesabu tena kwenye kamba: tisa. Jumanne alitapika uji, akatapika na maziwa, vitambaa kumi na moja. Jumatano vikawa vitano tu, na jioni kile cha mwisho kilikuwa kimegusika kidogo sana, karibu kikavu. Nilifurahi. Nilimwambia mama mkwe wangu, "Anapona, vitambaa vimepungua."

Hapo ndipo nilipokosea kama mtu aliyehesabu vizuri kitu ambacho si chenyewe. Vitambaa vilipungua kwa sababu maji ndani ya mtoto yalikuwa yamekwisha. Hakuwa na cha kutoa. Mtungi ukiacha kuvuja, angalia kwanza kama umeziba au umebaki mtupu.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kipimo, niliutazama mwili wake nikaona mbavu. Nikaogopa orodha ya uji. Ninataka msomaji aelewe vizuri niliogopa nini: si kifo, ni uji. Nikatunga shanga sita zaidi.

Masela alikuwa na watoto wengi siku ile, mvua ilikuwa imewaumiza wengi. Nilimwambia kwamba anahara kidogo. Akamweka kwenye sahani, fimbo ikatulia pale pale ilipokuwa wiki iliyopita, hata ikazidi kidogo. Akaangalia kadi, mstari wote unapanda kama ngazi.

"Mutoto anahara na hapungui?" akasema. "Basi ni meno tu. Mupe maji mingi, mama. Alhamisi utarudi."

Nikaenda sokoni naye mgongoni. Alilala asubuhi nzima. Kwa kawaida Kapinga akiwa mgongoni anapiga teke, anavuta kitambaa changu cha kichwa, anawachekea wateja, na mimi huongeza kidogo bei kwa sababu ya kicheko chake. Siku ile alitulia. Mwenzangu wa meza ya pili aliniambia, "Leo mutoto wako ametulia, Mama Mukendi. Umemupa nini? Nipatie na mi nipe bwana yangu." Tukacheka. Niliuza vizuri sana.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Kasai tangu kiangazi, kusaidia, alivyosema, na kutuchunguza, nilivyosema mimi kimoyomoyo. Tulikuwa tunapigania kila kitu: chumvi, kuni, jinsi ya kukunja nguo. Nilikuwa nikimheshimu kwa maneno na kumshinda kwa vitendo, na yeye alijua. Mchana ule, niliporudi nyumbani, alimchukua Kapinga mgongoni mwangu ili amwogeshe, akamlaza kwenye paja, na kabla ya maji akafungua shanga. Alikuwa hajawahi kuzifungua, kumwogesha ilikuwa kazi yangu. Akazishika mkononi. Mkono ukashuka.

Akauinua ule mkono wenye shanga, akamwinua mtoto kwa mkono wa pili, kama mtu anayelinganisha mafungu mawili ya viazi.

"Uzito wa mutoto yote iko hapa," akasema, akitikisa shanga.

"Mama, nitakuelezea."

"Usinielezee. Huyu mutoto, leo amekojoa?"

"Amekojoa, mama."

"Saa ngapi?"

Nikageuka kushika beseni la maji.

"Mi nakuuliza saa ngapi. We unahesabiaka kila kitu."

Nilihesabu nyuma. Kitambaa cha sokoni kilikuwa kikavu. Cha asubuhi kilikuwa kikavu. Cha jana jioni, karibu kikavu. Nikahesabu tena, kwa sababu sikutaka jibu lile. Likawa lile lile.

Alimfinya Kapinga ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi ikabaki imesimama, kama mkunjo wa kitambaa, halafu ikarudi polepole, kwa uvivu. "Gusa hapa," akasema, akauchukua mkono wangu akauweka utosini mwa mtoto. Pale palipokuwa laini na pa kudundadunda palikuwa pamezama; kidole changu kilikaa ndani kama kwenye kijiko. Kapinga alifungua mdomo kulia. Sauti ilitoka ndogo, ya paka aliyefungiwa ndani.

"Eko analia," mama mkwe akasema. "Iko wapi machozi?"

Hayakuwepo. Macho yalikuwa makavu, yamerudi ndani, na yalinitazama bila kunitazama.

"Mubebe mbele, si mugongo. Mugongo hauone kitu. Twende."

Hospitali ya kambi haikuwa mbali, lakini njia ile niliijua kwa hatua na siku ile hatua zilikataa kuhesabika. Mama mkwe alikimbia mbele yangu pekupeku, mwanamke ambaye tangu afike alikuwa akilalamika magoti. Mkononi alikuwa bado ameshika shanga.

Chumba cha kungojea kilijaa. Utaratibu wake ulikuwa hivi: unaweka kadi ya mtoto mezani, msaidizi wa daktari anazipitia zote, wale ambao mstari wao unashuka anawatanguliza, wale ambao mstari unapanda wanangoja. Alikuwa mtu wa hapa, mrefu, mwenye miwani. Sisi tulimwita muganga tu. Alichukua kadi ya Kapinga, akaiangalia, akaiweka chini kabisa.

"Tata muganga, mutoto wangu anafwa," nikasema.

"Mama, kaa kwa mustari. Kadi ya mutoto wako iko muzuri kupita ya bote."

"Kadi inadanganya, tata."

Aliinua macho. "Kadi inaweza kudanganya?"

"Kama mama yake njo mi, inaweza."

Benchi zima likageuka. Ni wanawake wale wale wa asubuhi, wale walioambiwa waniangalie mimi. Maisha yangu yote nimeingia kwenye mapatano nikiwa na kitu cha kushikilia: bei ya chini ninayoificha, mteja mwingine nyuma yake, mguu mmoja tayari kuondoka. Pale sikuwa na kitu. Mama mkwe alinipa shanga mkononi. Angeweza kunisema yeye, lakini aliniachia mimi. Nilizimwaga mezani juu ya kadi. Zilitoa sauti.

"Hii njo uzito wake," nikasema. "Tangu mwezi wa nane. Ninatungaka kila Alhamisi. Tangu jana hajakojoa."

Mmoja akapiga makofi. "Eee! Njo maana Kapinga alikuwa anashinda batoto betu!"

"Na kopo yake ya samaki," mwingine akasema, "kule chini ataweka nini? Mawe?"

Lakini yule aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, mwanamke ambaye nilikuwa nimemnyima samaki mmoja wa nyongeza wiki ileile, alimwangalia Kapinga mara moja tu, akasogea. "Pita," akasema. "Wangu anapiga kelele. Wako hapigi."

Muganga hakunisema. Alikuwa ameshafinya ngozi ya mtoto na ameshasimama.

Sitaeleza mambo ya ndani ya dawa, siyajui. Nitaeleza nilichoona. Walitafuta mshipa mkononi wakakosa, mguuni wakakosa, wakamnyoa upande mmoja wa kichwa wakatafuta pale wakakosa; mishipa ilikuwa imelala kama majani kiangazi. Basi wakampa maji yenye chumvi kwa sindano chini ya ngozi ya mapaja, yakaingia polepole, na mapaja yake yakavimba kama mito miwili ya kulalia, kwenye mwili uliobaki vijiti. Uso ulikuwa wa mzee mdogo aliyechoshwa na mazungumzo yetu. Niliambiwa nisimguse mapaja. Nilishika kidole gumba cha mguu. Sikujua kama mtoto anajua kwamba mtu ameshika kidole gumba chake, lakini nilikishika.

Muganga alinipa kikombe na kijiko kidogo. Kijiko kimoja cha maji, ngoja, kijiko kingine. Akitapika, ngoja kidogo, anza tena. "Unajua kuhesabu?" akaniuliza. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Nilihesabu vijiko mpaka sitini, nikaanza upya, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu mara mbili, kwa sababu kijiko kilichoingia kimeingia.

Siku ya pili asubuhi nilikuwa nimempakata nikahisi joto pajani mwangu, likasambaa, likapenya kanga mpaka ngozini. Nilidhani nimemwaga kikombe. Kikombe kilikuwa mezani. Kapinga alikuwa amenikojolea. Nilipiga yowe, muganga akaja mbio akidhani amekufa, akakuta mimi na mama mkwe tunacheka na kulia na kuonyeshana kanga mbichi kana kwamba imetoka dukani.

"Usiifue," mama mkwe akaniambia. "Bado kidogo."

Mchana akashika ziwa. Alinyonya mara nne, akapumzika, akanyonya tena.

Bwana yangu alikuja akitoka kazini, bado ana udongo mwekundu mpaka nyusi. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia wodi ya akina mama, kwa hiyo alisimama nje ya dirisha. Habari ya shanga alikuwa ameshaisikia kwenye foleni ya posho, mahali ambapo habari hugawiwa kabla ya unga.

"Bantu ku soko unabapunja, sawa," akasema. "Mutoto wangu pia?"

Nikamgeuza Kapinga ili amwone uso. Alikuja siku tatu, akasimama dirishani, akamtazama mtoto tu. Siku ya nne mama yake alimwendea pale pale dirishani.

"We, tangu mwezi wa nane, ulimubeba mutoto huyu siku ngapi?"

"Mama, mi niko ku mugodi."

"Nimeuliza siku ngapi. Kama ungemubeba na shanga zake, mikono yako ingekuambia. Haukumubeba. Basi mukosee pamoja, mupone pamoja."

Akaondoka dirishani. Nilidhani amekasirika. Kesho yake alileta fungu la karoti, kwa sababu masela alikuwa amesema mtoto apewe supu ya karoti zilizochemshwa sana na kupondwa, na karoti sokoni zilikuwa za shida. Aliziingiza moja moja kati ya nondo za dirisha. Nikasema, "Ziko kumi." Akasema, "Hesabu tena." Zilikuwa kumi na moja. Hilo lilikuwa neno lake la kunisamehe, na sikuomba lingine.

Masela naye alikuja. Nilijiandaa kusemwa, nilikuwa na majibu matatu tayari. Aliketi kando ya kitanda, akachukua kisu, akaanza kumenya karoti. Alimenya mbili. Halafu akasema, taratibu, "Mama, mimi pia niliangalia kadi. Sikuangalia mutoto." Nikayaacha majibu yangu matatu, nikachukua karoti. Tukamenya.

Tulikaa pale majuma mawili na siku tatu. Tulipotoka, embe zilikuwa zimeiva na vyura wamejaa mifereji. Kapinga alikuwa mwepesi kuliko siku aliyoanza kukaa mwenyewe, upande mmoja wa kichwa una nywele, upande mwingine hauna. Alisahau kukaa, alisahau kupiga makofi, vyote alijifunza upya. Niliandikwa kwenye orodha ya uji, na nilikwenda kila asubuhi, mwezi ukawa miwili. Samaki aliwauza mama mkwe. Aliwauza vibaya sana, alikuwa anaongeza samaki juu ya kopo kwa kila anayemwita mama, na wateja wakazoea, na mpaka leo wananidai ule moyo wa mama mkwe wangu. Shanga zilipigwa marufuku kwenye mizani. Wanawake wa Alhamisi walininunia kwa hilo mpaka Pasaka.

Sasa nisikilize, wewe mwenye mtoto. Usihesabu tu anachoharisha, hesabu anachokojoa. Kitambaa kikikaa kikavu tangu asubuhi mpaka jua la mchana, hiyo si ahueni. Mtoto anayelia bila machozi, anayelia kwa sauti ndogo, au aliyeacha kulia kabisa wakati ana sababu ya kulia, huyo ndiye anayetangulia wale wanaopiga kelele. Gusa utosi. Finya tumbo. Mwangalie macho kama yamerudi ndani. Usimnyime ziwa wala maji ya kijiko eti kwa sababu anahara, na ukimwona amelegea usingoje Alhamisi, usingoje bwana atoke kazini, usingoje mvua ikatike. Mpe vijiko njiani. Na ukifika, sema kila ulichofanya: dawa ya majani, dawa ya jirani, shanga, kila kitu. Aibu inapita. Nimeipima, haina uzito wowote.

Kiangazi kilichofuata, baridi ilipokuwa imeuma vizuri, Kapinga akaanza kukohoa. Nilimvua nguo kifuani. Alikuwa anapumua haraka, na kila akivuta pumzi, pale chini ya mbavu palikuwa panaingia ndani, kama mtu anavyobonyeza kopo. Nilihesabu pumzi kwa saa ya bwana yangu, nikahesabu tena, na kabla sijamaliza mara ya pili nilikuwa mlangoni. Muganga alinipokea asubuhi ileile, akamsikiliza kifua, akampa sindano. "Umekuja mapema, mama," akasema. "Kama ungekuja kesho, tungesumbuka." Tulilala hospitali siku nne tu. Siku nne, kwangu, ilikuwa kama kwenda kutembelea ndugu.

Sasa Kapinga anatembea, anaiba samaki mezani kwangu na kuwagawia mbwa. Mimi nimebaki na ugonjwa mmoja ambao haukupona: siwezi kumwona mtoto wa mtu amelala mgongoni nikatulia.

Juzi alikuja msichana mmoja, mke mpya wa kambi, sijui hata jina lake, ana mtoto mgongoni. Kichwa cha mtoto kimelalia upande, mdomo wazi, mikono inaning'inia. Yeye anataka makopo mawili, anataka nipunguze, na anajua kuomba. Mimi sikusikia bei. Niliweka kopo chini, nikazunguka meza, nikafungua kitambaa, nikamfinya mtoto tumbo.

"Mama!" akaruka. "Uko nauzisha samaki ao uko nanunua mutoto wangu?"

"Amekojoa saa ngapi?"

"Nani?"

"Mutoto! Leo amekojoa saa ngapi?"

"Sasa hivi! Mugongo yangu yote ni maji! Bamama, mumuangalie huyu!"

Ngozi ilikuwa imesharudi kabla sijaachia vidole vizuri. Mtoto alifungua macho, akaona uso wangu, na akalia. Alilia kwa mapafu mawili, machozi yakamtoka makubwa, yakamwagika mpaka shingoni, akapiga teke, akanishika kitambaa cha kichwa akakivuta kikaanguka kwenye samaki. Soko zima lilicheka. Wenzangu wa meza walipiga makopo kama ngoma.

Msichana alimfunga upya kwa hasira, akaenda kununua kwa jirani yangu, ambaye samaki wake ni wadogo. Sikumwita arudi. Mtoto aliendelea kulia mpaka mwisho wa safu ya samaki, akapita safu ya mihogo bado analia, na mimi nikasimama kichwa wazi nikimsikiliza, mpaka walipopinda kona ya wauza mafuta na sauti ikakatika.